Mbolea ya Majani

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga waliosema maneno haya walitaka kutuonya kwamba kitu kinaweza kumeremeta kwa nje, kikamtoa mtu macho, kumbe ndani yake hamna la maana. Mkakasi ni kijisanduku cha mti kilichotiwa nakshi na rangi. Ukiuona utadhani umebeba lulu, na ukiufungua unakuta mti ule ule. Huku Bunia mikakasi haiuzwi sokoni, na wengi wetu hatujawahi kuushika hata mmoja. Lakini methali haiombi pasipoti. Ilifika yenyewe hadi mtaa wa Mbunya, ikaingia katika shamba la Solange, na waliokuwapo siku ile wakisimulia hata leo hushika vinywa.

Solange alikuwa mwanamke mchapakazi, mwepesi wa kuamka na mwepesi wa kucheka. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda mno kusifiwa. Alikuwa amekimbia vita kutoka milima ya Djugu pamoja na mumewe, Fulgence, na mama mkwe wake, Mama Martine. Fulgence siku nyingi alikuwa safarini Mahagi-Port kutafuta samaki wa kuuza, kwa hiyo shamba dogo walilopewa kulima pembezoni mwa mji lilikuwa mikononi mwa wanawake hao wawili.

Siku ya kukimbia, kila mtu alibeba alichoweza. Huyu alishika godoro, yule redio. Mama Martine aliacha sufuria zake zote, akaacha hata picha ya harusi yake ukutani. Alichukua kopo moja la mbegu za maharagwe, akalifunga ndani ya kitenge chake cha zamani, akalikumbatia kifuani na kuondoka. Yalikuwa maharagwe ya kahawia yenye duara jeupe ubavuni, na ukoo wao uliyaita jicho la kanga. Mama yake alimpa siku alipoolewa, naye alikuwa amepewa na mama yake. Kijijini hakubaki mtu wa kuyapanda. Kwa kadiri walivyojua, mbegu ile ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, napo ni jikoni kwao Mbunya.

Waliipanda misimu miwili, na misimu yote miwili udongo wa pale, uliolimwa mpaka ukachoka, uliwapa mavuno ya kusikitisha. Mvua za Machi zilipokaribia, Mama Martine alimwita mkaza mwana wake akamkabidhi kopo.

"Mutoto wangu, mugongo yangu imekufa. Chukua weye," alisema. "Lakini ujue, hii ikipotea, siye hatuna tena kwetu."

Solange alilipokea kwa mikono miwili. Maneno yale yalimwingia, tena sana. Aliapa moyoni kwamba mwaka huo mbegu ya mama haitaomba radhi kwa mtu. Aliamua kununua mbolea, ile ya dukani ambayo watu wa Bunia huiita angre.

Sasa, mkulima mdogo wa kwetu hachagui mbolea kwa kusoma karatasi. Anachagua kwa macho. Akipita njiani akaona shamba la mwenzake limestawi, huangalia ni mfuko gani mtupu umetupwa uani, basi huo ndio anaoukimbilia dukani. Solange hakuwa tofauti. Kwenye njia ya kwenda mtaa wa Lumumba kulikuwa na bustani ya kijana mmoja aitwaye Yannick, na bustani ile ilikuwa ya kijani mpaka macho yanauma. Juu ya ua wake alikuwa ameanika mfuko mweupe wenye picha ya jua linalochomoza. Solange aliutazama mfuko ule mara tatu ili asiusahau. Kumwuliza Yannick hakumwuliza. Mama mzima, aliyelima tangu utotoni, amwulize kijana wa juzi habari za kulima? Aibu ilimshika ulimi, akapita zake.

Kesho yake alikwenda kwa Vahwere, mfanyabiashara aliyehamia Bunia kutoka Butembo, mwenye duka la mbegu na mbolea karibu na soko.

"Papa Vahwere, bonjour. Nipatie angre. Ile nyeupe, ya jua."

"Bonjour, Mama. Karibu. Unapanda nini?"

Solange alikunja uso. Alikuwa amesikia kwamba mfanyabiashara akianza kukuuliza maswali, ujue ana mzigo uliolala anaotaka kukusukumia. "Maharagi," alijibu kwa kifupi.

"Basi acha hiyo nyeupe," Vahwere alisema. Alielekeza kidole pembeni, kwenye mfuko wa rangi ya majivu uliojaa vumbi, picha yake imefutika na pembe moja imeliwa na panya. "Ya maharagi njo ile pale. Hii nyeupe iko ya majani, Mama. Majani tu."

Solange aliutazama ule mfuko wa vumbi, kisha akautazama mfuko wa jua. Karibu acheke. Kumbe alikuwa amekisia sawasawa! Mzigo uliolala ndio ule, na panya walikuwa wameshaanza kuuonja.

"Njo hiyo majani natafuta," alisema. "Haragi bila majani itatoka wapi? Nipatie nyeupe."

"Mama, miye nimekuambia."

"Papa, na miye nimekusikia."

Vahwere aliinua mabega, akampimia. Muuzaji hawezi kumfunga mnunuzi kamba shingoni. Solange alitoka dukani na mbolea yake kichwani, akatembea kwa maringo kama aliyemshinda mtu kesi.

Mama Martine alipoonyeshwa zile punje nyeupe, alichukua chache kiganjani, akazinusa, akazirudisha.

"Ni kama chumvi," alisema. "Miye sijue hii kitu. Niachie mustari moja tu, ile ya kando ya njia. Miye nitatia majivu yangu na mavi ya mbuzi."

"Mama, iko zamani hiyo."

"Na miye niko wa zamani."

Wakapanda mbegu yote, kopo likabaki tupu. Mstari mmoja wa kando ya njia ukawa wa Mama Martine na majivu yake ya jikoni. Mingine yote ikawa ya Solange. Maharagwe yalipoota na kupaliliwa mara ya kwanza, aliweka mbolea yake kwa kifuniko cha chupa ya bia, kifuniko kimoja kila shina, kama alivyosikia wengine wakifanya. Palizi ya pili akaongeza kifuniko kingine, kwani aliona kizuri hakiishi hamu.

Basi, maajabu yakaanza. Ndani ya majuma machache shamba la Solange liligeuka kijani kizito. Majani yakawa mapana kama viganja vya seremala. Mashina yakarefuka, yakalala, yakapandana, mpaka ukiingia ndani huoni miguu yako. Watu waliokuwa wakielekea kisimani walisimama njiani, ndoo vichwani.

"Yesu wangu! Hii ni maharagi ao ni pori?"

"Mama Solange, umeitia nini?"

Solange alijibu kwa sauti ya unyenyekevu wa uongo kwamba ni neema ya Mungu na angre kidogo. Moyoni alikuwa akipaa. Mtu aliyefika Bunia na kitenge kimoja, akiitwa mkimbizi kila kona, leo watu wanasimama kumtazamia shamba! Tusimcheke sana. Nani kati yetu asingependa kusifiwa baada ya kudharauliwa?

Mstari wa Mama Martine, kwa upande wake, ulikuwa wa kutia huruma. Mimea yake ilikuwa mifupi, majani machache, tena yameanza kuwa manjano na kudondoka. Maganda ya maharagwe yalikuwa yamening'inia chini yake, lakini nani hutazama chini ya jani wakati jirani yake kuna msitu? Ulikaa pale kando ya njia, mbele kabisa, mahali ambapo kila mpita njia lazima auone kwanza.

Sifa hazikai mahali pamoja. Zilimfikia Tina, kiongozi wa kikundi cha akina mama wakulima wa mtaa ule, mwanamke mwenye sauti kubwa na simu nzuri. Kikundi chake kilikuwa kinataka kuchagua mbolea moja ya kununua pamoja kwa msimu ujao wa maharagwe, na hawakujua wachague ipi. Tina alituma habari kwamba siku ya Jumamosi angekuja na wenzake kulitazama shamba, alipige picha, ili wote waone na waamue.

Jumamosi hiyo asubuhi, Solange alitangulia shambani peke yake. Alisimama njiani mahali wageni watakaposimama, akatazama. Mstari wa manjano ukamchoma macho. Picha ingeanzia pale. Watu wangeuliza, hii nayo ni nini? Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akainama, akaanza kung'oa. Aling'oa shina la kwanza, la pili, la kumi, mpaka mstari wote ukaisha, akaitupa mimea ndani ya mfereji ulio ng'ambo ya njia. Akasawazisha udongo kwa mguu, akajipangusa mikono kwenye kitenge chake cha bluu.

Wageni walikuja, wakashangaa, wakapiga picha mpaka simu ikaishiwa chaji. Tina alimsimamisha Solange katikati ya majani, yakamfika kifuani. "Mama, umetufungua macho," alimwambia. "Angre ni hii, hatutafuti ingine."

Jioni Mama Martine aliuliza habari za mstari wake. Solange aliinamia sufuria. "Mama, nisamehe. Mbuzi za watu ziliingia, zikamaliza yote."

"Aa," Mama Martine alisema. "Mbuzi."

Siku chache baadaye Solange aliona furushi limening'inizwa darini jikoni, juu ya mafiga, limefungwa katika kile kitenge cha zamani cha Mama Martine. Moshi ulikuwa umeanza kulipaka masizi. Akadhani ni miti shamba ya kikohozi, maana mama mkwe wake hakukosa dawa za namna hiyo.

"Mama, tutoe ile kitu. Wageni wakiona watasema nini?"

"Iache. Haikuombe chakula."

Wakati wa mavuno ulifika. Majirani waling'oa maharagwe yao, wakaanika, wakapiga. Shamba la Solange lilikuwa bado kijani, na bado lilikuwa linatoa maua mapya. "Angre iko na nguvu, inachelewesha kidogo," aliwaambia watu. Juma moja likapita, kisha la pili. Mvua zikanyesha juu ya ule msitu wa majani, na chini yake kukawa na unyevu na harufu ya kuoza. Hatimaye alisema sasa basi. Tina na akina mama wengine wanne walikuja na mikeka na fimbo za kupigia maharagwe, kwa furaha, maana kesho yake walikuwa waende kwa Vahwere kununua mifuko ya jua.

Solange aliingia wa kwanza. Alishika shina moja nene, akalivuta, likatoka na majani tele. Aliligeuza. Hakukuwa na kitu. Akalitupa, akang'oa la pili. Lilikuwa na ganda moja jembamba. Aliliminya, likaminyika lote, tupu. Akang'oa la tatu, la nne. Ganda lingine lilikuwa limeoza, likamwachia uteute mweusi vidoleni.

Aliacha kung'oa kwa utaratibu, akaanza kukimbia katikati ya shamba akirarua huku na huku, akipindua majani kwa mikono miwili, akiita maharagwe kama mtu anayemwita mtoto aliyepotea sokoni. Hapa majani. Pale majani. Kila mahali majani! Wale akina mama walisimama na mikeka yao kwapani, vinywa wazi.

"Mama Solange," Tina aliuliza mwishowe kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "maharagi iko wapi?"

Solange alisimama ameduwaa, mikono imejaa majani.

Wakati huo Yannick alikuwa anapita njiani akisukuma baiskeli, nyuma amefunga mafungu makubwa ya lengalenga, yaani mchicha. Aliona watu wamesimama kama kwenye matanga, akaegesha baiskeli akasogea. Solange alimrukia kwa maneno.

"Yannick! Miye nilitia angre yako! Ile nyeupe, ya jua! Shamba yako inazaa, yangu juu ya nini haizae?"

Kijana aliangalia shamba, akaangalia mzigo wake mwenyewe, akamwangalia tena Solange. Hakuwa na nia ya kumcheka.

"Mama," alisema polepole, "miye nauzishaka majani. Lengalenga, na shu, zile kabichi. Ile angre iko ya majani. Kwa maharagi inapandisha majani tu, tena inasahau kuzaa. Weye ulikuwa unatafuta majani ao maharagi?"

Swali lile lilimpiga Solange kuliko kofi. Papo hapo sauti ya Vahwere ikamrudia masikioni, iko ya majani, Mama, majani tu. Mtu alikuwa amemwambia ukweli mchana kweupe, kwa Kiswahili alichokijua tangu utotoni, na yeye aliusikia kama sifa. Kisha fikra nyingine ikamjia, mbaya kuliko ile ya kwanza. Mstari wa mama! Yale maganda yaliyokuwa yananing'inia chini ya majani ya manjano. Alitazama viganja vyake. Si mbuzi, si vita, si panya. Viganja hivi hivi ndivyo vilivyoing'oa mbegu ya mwisho ya jicho la kanga na kuitupa mferejini, kwa ajili ya picha.

Akakaa chini kwenye matope. Alilia kwa sauti, bila kuficha uso, mbele ya Tina na mbele ya wote aliotaka wamsifu.

Alifika nyumbani akiwa na matope hadi magotini. Mama Martine alikuwa jikoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Solange alipiga magoti mlangoni.

"Mama, mbegu imekwisha. Shamba haina kitu. Nimemaliza kwetu."

Mikono ya mama mzee ilisimama. "Hata moja?"

"Hata moja. Na ile mustari yako, Mama..." Uongo ulikuwa bado karibu, angeweza kuuokota tena. Hakuuokota. "Mama, haikukuwa mbuzi."

"Najua," Mama Martine alisema. "Ile mbuzi niliiona. Nilikuwa nakuja nyuma yako na mukongojo yangu. Ilikuwa imevaa kitenge ya bulu."

Solange alijitazama. Kitenge cha bluu ndicho alichokuwa amevaa hata wakati ule. Majuma yote yale mama mkwe wake alikuwa amekula naye, amesali naye, akijua. Alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale mlangoni.

Mama Martine aliinuka kwa taabu, akachukua mwiko mrefu, akaunyanyua juu ya mafiga na kulitungua lile furushi jeusi. Masizi yalimwagika sakafuni. Alilifungua fundo kwa meno. Ndani kulikuwa na mashina ya maharagwe yaliyokauka, mafupi, mabaya, na kila shina limejaa maganda. Alilivunja moja juu ya kiganja cha Solange. Punje tano zilidondoka, za kahawia, kila moja na duara lake jeupe.

"Nilienda nikaokota kwa mufereji siku ile ile. Ilikuwa imeshakomaa, ilibaki kukauka tu."

Solange alizitazama zile punje. "Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Ungenisikia? Macho yako yote ilikuwa kwa majani." Mama Martine aliketi tena, akamsukumia kopo tupu. "Chambua. Usipoteze hata moja."

Walichambua pamoja mpaka kopo likakaribia kujaa. Solange hakumaliza kazi ile bila machozi, na baadhi yalidondokea ndani ya kopo.

Kesho yake akina mama wa kikundi walikwenda kwa Vahwere, na safari hii waliuliza kwanza, wakasikiliza mpaka mwisho. Walirudi na ule mfuko wa vumbi ulioliwa na panya. Solange mwenyewe ndiye aliyeubeba kichwani, na msimu uliofuata jicho la kanga lilijaza makopo mengi.

Ile picha Tina hakuifuta. Ipo katika simu yake hadi leo, Solange amesimama katikati ya majani, anacheka, amevaa kitenge cha bluu. Mgeni akiingia katika kikundi na kuanza kusifia mfuko kwa rangi yake, Tina humwonyesha picha ile bila kusema kitu. Mgeni hushangaa, husema hajawahi kuona maharagwe mazuri namna hiyo, na huuliza yalitoa magunia mangapi. Hapo Solange mwenyewe ndiye hujibu, naye hujibu kwa maneno yale yale kila mara: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.